Ijumaa Niliyowasimamisha Walinzi Uwanjani

Iko Ijumaa moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananichoma, mwanangu, na ndiyo nataka nikusimulie kabla hujaenda kuonana na hiyo timu uliyopewa. Mama yako ameniambia kwamba tangu uteuliwe kuwa kocha pale shuleni huna raha, unashinda na daftari ukichora mishale. Nilicheka peke yangu niliposikia. Sikucheka kwa kukudharau. Nilicheka kwa sababu na mimi niliwahi kuwa na daftari la namna hiyo, lenye mishale ya rangi tatu, na liliniaibisha mbele ya watu, tena ugenini.

Ilikuwa Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa nimepita thelathini, umri ambao mtu anajiona ameshaiva. Nilikuwa mlinzi wa kampuni moja ya ulinzi. Tulikaa Muhaisnah kwenye majengo ya wafanyakazi, watu sita chumba kimoja, wengi Wakenya na Waganda, na Watanzania wachache ambao baada ya kazi walijipumzisha kwa kutusahihisha Kiswahili. Alfajiri basi la kampuni linatubeba na kutushusha mmoja mmoja. Huyu mlango wa hoteli, yule benki, mwingine duka la dhahabu kule Deira. Unasimama kwa muda wa saa kumi na mbili, jioni basi linakuzoa. Siku sita hivyo, Ijumaa mapumziko.

Bosi wetu wa operesheni wakati huo alikuwa Mwaustralia mmoja mnene, mwenye kicheko cha kusikika kutoka ghorofa ya chini. Jina lake tulilijua, ila tulimwita Sir kama tulivyowaita mabosi wote. Siku moja akaja kambini na mpira mwekundu wa ngozi wenye umbo la papai. Akatuambia kwao watu huacha harusi kwa ajili ya mpira huo, na kwamba anataka tuujaribu. Tukatazamana. Sisi tuliojua mpira ni ule wa duara tulidhani anatutania.

Acha nikueleze kidogo, maana najua huujui. Uwanja wenyewe ni wa umbo la yai. Kila mwisho kuna miti minne imesimama, na hakuna kipa wala ofsaidi. Mpira unaweza kuupiga teke, au kuushika mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili uende kwa mwenzio. Kuutupa ni kosa. Ukiupitisha katikati ya ile miti miwili mirefu unapata pointi sita. Ukipita pembeni, au ukigonga mti mrefu, unaambulia pointi moja ya kukufariji. Na mwenzio akiupiga mbali ukaudaka juu kabla haujagusa chini, unapewa nafasi yako, unasimama, hakuna wa kukugusa, unapiga kwa raha zako.

Basi Sir akatupeleka kuwaona Waaustralia wenzake wakicheza kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji. Mwanangu, nilimwona mtu mzima, mhasibu, niliambiwa, mwenye kipara na watoto watatu, akiruka akaweka goti kwenye bega la mtu mwingine, akapanda hewani kama anayepandishwa na kamba, akaudaka mpira kule juu na kushuka nao. Nilisahau kufunga mdomo. Walinzi tuliokuwa pale tulinyamaza wote kwa pamoja, halafu tukapiga kelele wote kwa pamoja. Nilikuwa nimeona majengo marefu ya mji ule mpaka macho yakayazoea, lakini mwili wa mtu kufanya vile sikuwa nimewahi kuuona.

Tukaanza kucheza. Kampuni ikatupa basi kila Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili kutoka, saa tano kurudi ili Waislamu wawahi sala. Fulana za mchezo huo hazina mikono, na fundi wa mtaa wa Satwa aliyetushonea alituuliza mara mbili kama hatujasahau sehemu ya kitambaa. Tulikuwa wabovu, lakini tulicheka sana. Kwa mtu anayekaa Muhaisnah, asubuhi moja kwenye nyasi si jambo dogo. Ijumaa bila lile basi ni kulala kitandani ukitazama chini ya kitanda cha mwenzio aliye juu yako.

Kisha mkataba wa Sir ukaisha. Kabla hajaondoka alinikabidhi filimbi na ule mpira mwekundu, kwa sababu nilikuwa nimewahi kufundisha mpira wa miguu shule ya msingi kule Kitale. Akanishika bega, akasema timu ni yangu sasa. Kichwa kikavimba hapo hapo.

Wiki ile ile meneja mpya akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, nataka ujue hivyo. Alikuwa mtu wa karatasi. Alikuwa ameona basi linatoka kila Ijumaa na dereva anakosa mapumziko, akataka kujua kwa nini. Nikamweleza. Akaniuliza mna mechi lini. Nikamwambia mbili mwezi huo, zote na Waaustralia.

"Ya pili nitakuja kuangalia," akasema. "Nikikuta timu, basi litabaki. Nikikuta watu wanazurura kwenye nyasi, khalas, hakuna basi tena."

Nikatoka pale nimebeba Ijumaa za watu thelathini mgongoni. Na badala ya kwenda kuwaambia wenzangu tukae tufikiri pamoja, nilikwenda kununua daftari na kalamu za rangi.

Mpango wangu ulikuwa huu. Tulikuwa tunacheza kumi na wawili kwa kumi na wawili, kwa sababu uwanja haukuwa mkubwa kama wa kwao. Nikaugawa katika vipande kumi na viwili, kila kipande nikakipa namba. Nikajiambia, hawa ni walinzi, nitasema nao lugha wanayoielewa. Kila mtu ana lindo lake. Namba moja hapa, namba mbili pale, na mtu asiache lindo lake kwa sababu yoyote. Wakilinda kila sehemu, adui atapita wapi? Nilijiona nina akili kuliko Waaustralia wote walioubuni mchezo huo. Niliwakaririsha zile namba kambini mpaka mtu ukimwamsha anakutajia yake.

Hakuna aliyebisha, na hilo lingetosha kunishtua. Ila mimi niliona ni heshima.

Ikaja Ijumaa yenyewe. Filimbi ikalia, na watu wangu wakasimama. Nasema wakasimama, mwanangu. Mikono nyuma, miguu imeachana kidogo, kifua mbele. Mpira ukaanguka hatua nne kutoka kwa Okello, Mganda mrefu kuliko wote, aliyekuwa akilinda mlango wa duka la dhahabu. Okello akautazama ule mpira. Akanitazama mimi. Mpira ulikuwa kwenye kipande namba saba na yeye alikuwa namba nane. Mwaustralia mmoja akaja taratibu, akasita, akamwomba radhi, akauokota na kwenda kufunga.

Ilikuwa hivyo asubuhi nzima. Waaustralia wanazunguka wote kwa pamoja, mpira ukienda kushoto wamo kushoto, ukienda kulia wamo kulia, na watu wangu wako kwenye malindo yao, waaminifu kabisa, jasho hata halijawatoka. Yeyote aliyejaribu kusogea nilimpigia kelele. "Rudi kwenye lindo lako!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tulifungwa mpaka mwamuzi akawa anaona haya kunitajia pointi.

Ndani ya basi nilikaa mbele, nyuma ya dereva, nikawasema kwa sauti ili wote wasikie. Nilisema hawana moyo. Nikasema Waaustralia hawana kitu, ni sisi tu ni wazembe, na basi hili likiondoka wajilaumu wenyewe. Tulipofika Muhaisnah wakashuka mmoja mmoja.

Nilipotaka kushuka na mimi, dereva akanizuia kwa mkono. Alikuwa anaitwa Haji Sulaimani, Mganda wa Mbale, ndevu nyeupe, mtu ambaye kwa siku alikuwa anasema maneno ishirini, kumi kati ya hayo salamu. Mechi zote alikuwa akizitazama akiwa kwenye kiti chake, mlango wazi.

"Wafula, wewe keti," akasema.

Nikaketi. Akazima injini, akaonyesha kile kioo kikubwa cha kutazamia abiria.

"Mimi nabeba hawa vijana kila siku. Asubuhi nawaangalia, jioni nawaangalia. Jioni mtu akipanda, anashika chuma, hakai mbio. Anasimama kwanza hapo katikati. Wewe uliona hiyo? Magoti inakuwa imesahau kukunja. Anangoja ikumbuke, ndiyo anaketi."

Nilikuwa napanda basi lile kila jioni na mimi pia nilikuwa nikisimama hivyo. Sikuwa nimewahi kuona kwamba tunafanya wote.

"Siku sita kampuni inawaambia simama," Haji akaendelea, bila ukali wowote. "Hii moja wanatoka kwenda kwa nyasi, na wewe unapiga filimbi unawaambia simama. Sasa mtoto wangu, wewe na mlango wa duka tofauti yenu iko wapi?"

Nilitamani sakafu ya basi ifunguke. Sikuona haya vile hata siku niliyofeli mtihani wa darasa la nane. Haji akawasha injini, akasema yalla, nenda ukaoge, na mimi nikashuka miguu mizito. Ila nakuambia ukweli, pamoja na aibu ile nilijawa na mshangao. Mzee huyu aliyekuwa anatuona kwa kioo tu, nyuso zetu na vichwa vinavyosinzia, alikuwa anatujua kuliko mimi niliyelala nao jengo moja.

Tulikuwa na wiki mbili kabla ya meneja kuja. Daftari nikaliacha chini ya godoro. Kila asubuhi na kila jioni nikawa nakaa kiti tofauti kwenye basi, mtu mmoja mmoja, nikimwuliza swali moja. Ukiwa pale mlangoni unaona nini?

Mwanzoni walinishangaa. Halafu wakafunguka, na mimi ndiye niliyebaki kinywa wazi. Mmoja aliyelinda hoteli aliniambia anaweza kujua wageni waliogombana ndani ya gari kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Mwingine, wa benki, alikuwa anajua kila siku ni foleni ipi itakwenda haraka na hajawahi kukosea. Walinzi, mwanangu! Watu ambao mji mzima unapita mbele yao kana kwamba ni nguzo, na kumbe wao ndio wanausoma mji. Na mimi mwenyewe mlinzi sikuwa nimewahi kuuliza.

Okello alinijibu mwisho wa wiki. "Mimi naangalia miguu, Kocha. Uso unadanganya. Mtu anaweza kucheka na wewe, lakini mguu ishaamua kama anaingia ama anapita. Mguu inaamua mbele ya yeye mwenyewe kujua."

Nikamwuliza, "Sasa kama unaona hivyo, ule mpira ulikuwa hatua nne. Mbona hukuuchukua?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ulisema ni lindo, ni posti. Posti haiachwi kama hujapokewa. Ungenipa mtu wa kunipokea, ningeenda."

Hapo ndipo mpango wangu ulipozaliwa, na kama unavyoona, haukuwa wangu. Kazi yetu ilikuwa na desturi moja. Zamu yako ikiisha huondoki mpaka mwenzio afike, akutazame machoni, aseme neno moja, "Nimepokea." Bila neno hilo hutoki, hata kama tumbo linakuuma. Na ukishalisikia unaondoka bila kugeuka nyuma, kwa sababu unajua mahali pako pana mtu.

Nikawakusanya uani, kati ya kamba za nguo, nikawaomba radhi. Walicheka, na mmoja akanipigia saluti ya dhihaka ambayo nilistahili. Halafu nikawaambia alichosema Okello. Anayeona miguu ya adui inaelekea wapi, aende, asiningoje mimi. Aliye karibu naye apige kelele "Nimepokea!" na kuingia mahali pake, na wa nyuma yake ampokee naye, hivyo hivyo mpaka golini. Kila jioni tukawa tunafanya mazoezi dakika ishirini pale uani kabla ya kuoga, tukikimbia chini ya suruali zilizoanikwa. Wapishi walikuwa wanatoka kuja kutushangaa.

Meneja alikuja kama alivyoahidi. Aliegesha gari lake jeupe kando ya uwanja, akasimama karibu nalo amekunja mikono. Sikuthubutu kumsalimia.

Filimbi ikalia. Kwa dakika chache za kwanza mazoea yakawashika, nikaona mikono inarudi nyuma, vifua mbele. Mwaustralia akauelekea mpira. Okello alikuwa anatazama miguu yake. Na Okello akaondoka.

"Nimepokea!" mtu akaita nyuma yake. "Nimepokea!" mwingine. Halafu mwingine, na mwingine, sauti ikavuka uwanja kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, na nyuma ya kila sauti mtu alikuwa anakimbia. Nilisahau kwamba mimi ni kocha. Sikuwa na la kusema na hakuna aliyekuwa ananihitaji. Watu kumi na wawili niliowajua kwa kukoroma kwao na kwa soksi zao walikuwa wanahama kama kundi la ndege, kila pengo linazibwa kabla sijaliona. Walikuwa wanafika mahali ambapo mpira ulikuwa bado haujaamua kwenda. Waaustralia wakaanza kuulizana neno hilo lina maana gani. Nililia, mwanangu, na sioni haya kukuambia. Nililia nikiwa nimesimama na filimbi mkononi.

Dakika ya mwisho walikuwa wametuzidi pointi tano. Mpira ukapigwa juu kuelekea miti yao, mrefu, unazunguka. Okello akaruka. Aliruka kutoka kati ya watu watatu, akapanda, akapanda tena pale ambapo mtu wa kawaida anaanza kushuka, na akaudaka kwa vidole. Hata Waaustralia walipiga makofi. Akapewa nafasi yake, akarudi nyuma hatua kumi, akapiga. Mpira ukagonga mti mrefu, mlio wake nikausikia hadi nilipokuwa. Pointi moja. Tukawa tumeshindwa kwa nne, na mechi ikaisha.

Okello akaketi kwenye nyasi, kichwa katikati ya magoti. Tulikuwa tumeshindwa mara ya pili, na meneja alikuwa anakuja akikanyaga nyasi na viatu vyake vya ofisini. Akanipita. Akasimama mbele ya Okello.

"Wewe ni wa lindo gani?" akauliza.

Okello akaruka kusimama, mikono nyuma, kifua mbele. Akataja duka la dhahabu.

Meneja akamtazama usoni. "Pale napita kila siku," akasema. "Jina lako nani?"

Na Okello, kwa mazoea ya miaka miwili, akataja namba yake ya kazi.

"Sikuuliza namba."

Okello akasema jina lake, lote, la kwake na la baba yake. Meneja akalirudia polepole mpaka alipolipatia, akampa mkono. Kisha akageukia kule basi lilikokuwa, akamwuliza Haji Ijumaa ijayo tunatoka saa ngapi.

"Saa kumi na mbili, Sir," Haji akajibu. "Inshallah."

Sasa mwanangu, ninachotaka ushike ni hiki. Wale watoto uliopewa, kabla hujawaambia wasimame wapi, jua siku yao imekuwaje mpaka wakafika kwako. Wengine wametoka kukaa dawatini toka asubuhi wakiambiwa nyamaza. Wengine wameteka maji kabla ya kuja shule, na wako ambao mwaka mzima mwalimu hajawaita kwa jina. Usiwape tena kile kile walichochoka nacho. Waulize wanaona nini, mmoja mmoja, usikilize mpaka mwisho hata kama anazunguka. Yako mambo wanayoyajua ambayo daftari lako halina, na mpango utakaowafaa utaupata humo. Wakikutii bila kubisha hata kidogo, usifurahi, rudi ukawaulize tena. Na ukikosea, maana utakosea, waombe radhi mchana kweupe kama ulivyowakaripia mchana kweupe. Nilichokiona asubuhi ile sikukifanya mimi. Nilichofanya mimi ni kuacha kuwazuia, na hilo peke yake lilinigharimu kiburi changu chote.

Nenda basi. Mungu akutangulie hapo kesho, akupe subira, akupe na sauti ya kutosha. Wale watoto wakue mikononi mwako, wakupende hata siku mtakayofungwa, na siku moja wakushangaze mpaka ushindwe kusema. Amina.